Klomifeni au letrozoli: kidonge kipi kianze kwa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki

Alikuja jioni, wateja wamepungua. Akafungua pochi, akatoa ile karatasi nyembamba inayokaa ndani ya boksi la letrozoli, akaikunjua mikunjo yake yote na kuilaza juu ya kaunta. Kidole kikasimama kwenye mstari mmoja. "Dada, hapa wameandika saratani ya matiti. Na hapa chini wanasema ni dawa ya wanawake waliokoma hedhi. Mimi nina miaka thelathini na moja, natafuta mtoto. Daktari amekosea?"

Hakukosea. Na karatasi nayo haikudanganya, ndiyo maana swali hili linarudi kaunta kwangu kila baada ya muda. Wengine hawaulizi kabisa. Wakishasoma neno saratani wanaitupa letrozoli kabatini na kurudi kwenye klomifeni, ile ambayo wengi wanaiita Clomid, kwa sababu wifi aliimeza akapata mapacha. Mimi ni mfamasia hapa Morogoro, si daktari wa uzazi. Lakini vidonge hivi viwili vinapita mikononi mwangu kila wiki, na inaniuma kuona mtu anachagua kwa hofu wakati utafiti mzuri upo.

Natanguliza jibu langu. Kama mayai yako hayapevuki kwa sababu ya PCOS (hali ya homoni inayofanya vifuko vya mayai vikwame kwenye ovari), mirija yako iko wazi na mbegu za mume zimepimwa zikaonekana nzuri, letrozoli ndiyo ianze. Kama mayai yanapevuka na sababu ya kuchelewa haijaonekana, letrozoli haina ubora huo, na klomifeni bado ina nafasi yake. Kama mirija imeziba, vidonge vyote viwili ni kupoteza miezi.

Kabla ya kidonge

Nilimuuliza yule dada mambo matatu, na wewe ujiulize kabla hujafika kwenye kulinganisha.

La kwanza ni hedhi yako. Anayeiona kila baada ya siku 21 hadi 35, mwezi kwa mwezi, kwa kawaida yai linatoka. Anayekaa miezi miwili au mitatu bila kuona siku zake, huenda halitoki, na PCOS ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hali hii inawagusa wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo. Watu huiita uvimbe maji kwenye ovari, jina linalotisha bure. Vile viduara vinavyoonekana kwenye altrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Tangu kikao cha wataalamu cha Rotterdam mwaka 2003, daktari hutafuta mawili kati ya matatu: hedhi ya kurukaruka, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi. Altrasaundi peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa.

Hapa niseme jambo linalokosewa sana. Wanawake wengi huandikiwa kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, "siku ya 21" kujua kama yai limetoka. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kipimo kinatakiwa kifanyike kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 40 apime siku ya 33 hivi. Akipima siku ya 21 ataambiwa hana yai, kumbe yai lenyewe bado liko safarini. Nimewaona waliolia kwa karatasi ya namna hiyo.

La pili ni mirija. Klamidia na kisonono, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka, huacha makovu yanayoziba njia ya yai, mara nyingi bila mwanamke kuhisi kitu. Picha ya mirija, ile ya kuingiza dawa kwenye kizazi na kupiga eksirei, ndiyo inayoonyesha. Hakuna kidonge kinachozibua mirija. Wala hakuna chai, wala mvuke.

La tatu ni mume. Kwa karibu nusu ya wenzi wanaohangaika kupata mtoto, upande wa mwanamume una tatizo, peke yake au pamoja na la mke. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote: akae siku mbili hadi saba bila kumwaga mbegu, kisha apeleke sampuli maabara. Hata hivyo, mara ngapi nimeuza dozi ya tatu, ya nne, kwa mwanamke ambaye mume wake hajawahi kushika kile kikopo! Anayemeza dawa ni yeye, anayesutwa ni yeye, na mama mkwe anamtazama tumbo yeye.

Yule dada alikuwa na majibu mawili. La mume hakuwa nalo.

Tenki na boya

Tofauti ya vidonge hivi ni rahisi kuielewa kwa mtu yeyote mwenye tenki la maji nyumbani. Maji yakipungua, boya linashuka na bomba linafunguka. Yakijaa, boya linapanda, bomba linajifunga. Ubongo na ovari vinafanya kazi hivyo hivyo. Maji ni estrojeni, boya ni sehemu ya ubongo inayopima estrojeni, na kinachotoka bombani ni FSH, homoni inayokuza vifuko vya mayai.

Klomifeni inalishika boya lisipande. Tenki lina maji, lakini ubongo unaona ni tupu, hivyo FSH inaendelea kumiminika. Vifuko vinakua. Shida ni kwamba klomifeni haiondoki mwilini upesi. Nusu yake huchukua kama siku tano kutoka, na mabaki yake hukaa wiki kadhaa. Kwa hiyo boya linaendelea kushikwa hata baada ya kifuko kimoja kukua vya kutosha, na kingine kinaweza kukifuata. Hapo ndipo mapacha wa wifi walipotoka. Pia klomifeni hailishiki boya la ubongo tu. Inaizuia estrojeni hata kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kwenye ute wa mlango wake, ndiyo maana baadhi ya wanawake hupevusha yai vizuri lakini ukuta unakuwa mwembamba na ute unakuwa mzito. Yai lipo, mimba haishiki.

Letrozoli haigusi boya. Inayapunguza maji yenyewe, kwa kuzuia kimeng'enya kiitwacho aromatasi kinachotengeneza estrojeni. Boya linashuka kwa haki, FSH inakuja, kifuko kinakua. Baada ya siku tano unaacha kumeza, na kwa kuwa nusu ya dawa hutoka ndani ya siku mbili hivi, estrojeni inarudi, boya linapanda, bomba linajifunga. Vile vifuko vidogo vilivyokuwa nyuma vinakosa FSH na kunyauka. Mara nyingi kinabaki kimoja kilichotangulia. Ukuta wa kizazi nao unapata estrojeni yake bila kizuizi.

Hiyo ndiyo hoja waliyokuwa nayo Mohamed Mitwally na Robert Casper wa Toronto walipochapisha mwaka 2001 taarifa ya kwanza ya kuitumia letrozoli kupevusha mayai. Ilikuwa hoja nzuri. Lakini dawa haichaguliwi kwa uzuri wa hoja, na ilibidi kusubiri miaka mingine 13 kupata jaribio kubwa la kuzipambanisha.

Namba za 2014

Jaribio hilo liliongozwa na Richard Legro, lilifanyika Marekani, na liligawa wanawake 750 wenye PCOS kwa kura: 376 wakapewa klomifeni na 374 letrozoli, kwa hadi mizunguko mitano. Wao wala madaktari wao hawakujua nani anameza nini. Kilichohesabiwa mwishoni si mimba bali mtoto aliyezaliwa hai, na hilo ndilo lililonifanya niliheshimu. Mwanamke anayekuja kwangu hatafuti mistari miwili kwenye kipimo.

| | Klomifeni | Letrozoli |
|---|---|---|
| Waliozaa mtoto hai | 19.1% | 27.5% |
| Mizunguko ambayo yai lilitoka | 48.3% | 61.7% |
| Mimba za mapacha | 7.4% | 3.4% |
| Mwili kuwaka joto ghafla | 33.0% | 20.3% |
| Uchovu | 14.9% | 21.7% |
| Kizunguzungu | 7.6% | 12.3% |

Kwa watu halisi, ni akina mama 103 upande wa letrozoli na 72 upande wa klomifeni. Ya mapacha niyaseme kwa uangalifu: namba zinaelekea upande mmoja, lakini mimba hazikuwa nyingi kiasi cha kuthibitisha kuwa tofauti ile si ya bahati tu. Ya mtoto hai na ya yai kutoka ilithibitika.

Namba hizi zina mambo mawili yasiyopendeza. Kwanza, hata kwa dawa iliyoshinda, karibu wanawake watatu kati ya wanne hawakupata mtoto ndani ya muda ule. Ukimaliza mzunguko wa pili bila kitu, hujafeli na mwili wako haujalaaniwa. Pili, wengi wa wanawake wale walikuwa na uzito mkubwa, wastani wa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ukiwa 35. Kama wewe ni mwembamba mwenye PCOS, na wapo wengi, usizichukue namba hizi kama vile zilipimwa kwako. Hata hivyo mwongozo wa kimataifa wa PCOS, uliotolewa 2018 na kurudiwa 2023 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, umeiweka letrozoli kuwa dawa ya kwanza ya kupevusha mayai kwa wenye PCOS ambao hawana tatizo jingine la uzazi.

Sasa, ile karatasi

Letrozoli ilipata kibali Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya matiti ya wanawake waliokoma hedhi. Baadhi ya saratani hizo hulishwa na estrojeni, na ukizima estrojeni unainyima chakula. Mgonjwa wa saratani anameza kidonge cha miligramu 2.5 kila siku, mara nyingi kwa miaka mitano. Anayetafuta mtoto anameza siku tano katika mwezi, kisha anaacha. Kidonge ni kile kile, kazi yake mwilini ni ile ile ya kushusha estrojeni. Kinachotofautiana ni muda na lengo. Mtengenezaji aliandika kwenye karatasi matumizi aliyoyaombea kibali, na matumizi ya uzazi yalikuja baadaye kwa utafiti wa madaktari. Kuimeza hakukupi saratani, na kuandikiwa hakumaanishi daktari anakuficha ugonjwa.

Hofu ya pili ina historia yake. Mwaka 2005, katika mkutano wa madaktari wa uzazi uliofanyika Montreal, watafiti waliwasilisha muhtasari wa watoto 150 waliozaliwa baada ya letrozoli, wakidai wana kasoro nyingi zaidi za moyo na mifupa. Waliwalinganisha na watoto zaidi ya 36,000 wa hospitali inayozalisha wanawake wasio na hatari kubwa, yaani watu wasiofanana na wanawake waliohangaika kupata mimba. Habari ikasambaa, na kampuni ya Novartis, mtengenezaji wa letrozoli, ikawatahadharisha madaktari. Mwaka uliofuata, Togas Tulandi na wenzake wa Kanada walichapisha hesabu ya watoto 911 kutoka vituo vitano, na safari hii wote walikuwa wa akina mama waliotumia dawa za uzazi: kasoro zilikuwa asilimia 2.4 kwa letrozoli na 4.8 kwa klomifeni. Katika jaribio la 2014, watoto wanne upande wa letrozoli na mmoja upande wa klomifeni walizaliwa na kasoro kubwa, tofauti ndogo mno kuweza kuitofautisha na bahati. India, ambako ndiko zinakotoka dawa nyingi za kwenye rafu zetu, ilipiga marufuku matumizi ya letrozoli kwa uzazi mwaka 2011, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Kwa hiyo ukikutana na habari ya zamani mtandaoni kwamba dawa hii imekatazwa, unajua ilikotoka.

Lipo sharti moja ambalo silegezi: pima mimba kabla ya kuanza dozi, kila mzunguko. Mwenye PCOS anaweza kukaa miezi mitatu bila hedhi akadhani ni kawaida yake, kumbe ni mjamzito, na dawa zote hizi mbili hazifai kumezwa mimba ikiwa imeshashika. Kipimo kikionyesha hakuna mimba, daktari anaweza kutoa kwanza vidonge vya kuleta hedhi, ili siku zianze kuhesabiwa.

Klomifeni inapobaki kuwa chaguo

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani klomifeni ni takataka. Ni dawa iliyotumika tangu miaka ya 1960, na watoto wengi sana wamezaliwa nayo. Kama ulishaitumia, mayai yakapevuka, ukuta wa kizazi ukaonekana mzuri kwenye altrasaundi na uko mzunguko wa pili au wa tatu, huna sababu ya kuhama katikati. Kama letrozoli haipatikani mahali ulipo, klomifeni ni bora kuliko kukaa.

Na kwa wale wenye hedhi ya kawaida, mirija wazi, mume mzima, ila mtoto haji, mambo ni tofauti kabisa. Jaribio jingine la Marekani lililochapishwa 2015 lilichukua wanawake 900 wa aina hiyo, wote wakapandikiziwa mbegu za mume ndani ya kizazi, wengine na sindano za homoni, wengine klomifeni, wengine letrozoli. Waliozaa walikuwa asilimia 32.2 kwa sindano, 23.3 kwa klomifeni na 18.7 kwa letrozoli. Tofauti kati ya vidonge viwili haikutosha kusema klomifeni imeshinda, lakini inatosha kusema letrozoli haina faida ya ziada hapo. Sindano zilileta watoto wengi, ila katika mimba zilizoendelea asilimia 32 zilikuwa za zaidi ya mtoto mmoja, wakiwemo watatu. Anayejua hali ya wodi zetu za watoto njiti aifikirie namba hiyo mara mbili.

Metformini, ile ya kisukari, watu wananiulizia kama kidonge cha tatu. Jaribio la 2007 la wanawake 626 wenye PCOS liliipa asilimia 7.2 ya watoto hai, klomifeni 22.5, na zote mbili pamoja 26.8. Ina kazi yake kwenye sukari na insulini. Peke yake kama dawa ya kuleta mtoto, ni dhaifu. Kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10, kwa mwenye uzito mkubwa, kunaweza kurudisha hedhi bila kidonge chochote, ingawa najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya.

Ukianza

Vyote viwili humezwa siku tano mfululizo mwanzoni mwa mzunguko, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 7. Klomifeni huanzia miligramu 50, letrozoli 2.5, na daktari anapandisha kama yai halikutoka. Usijipandishie mwenyewe. Omba altrasaundi angalau mzunguko wa kwanza, kuona vifuko vingapi vimekua. Vikiwa vitatu au zaidi, daktari anaweza kukuambia msikutane mwezi huo, na umsikilize.

Ukiwa kwenye klomifeni ukaona ukungu au vimulimuli machoni, acha dawa siku hiyo hiyo, usiendeshe gari wala bodaboda, umwone daktari. Kwa dawa yoyote kati ya hizi, tumbo likivimba haraka na kuuma sana, na kutapika, nenda hospitali hata kama ni usiku. Na kama una miaka 35 au zaidi, usisubiri mwaka mzima kabla ya kutafuta msaada. Miezi sita inatosha.

Yule dada alirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata, safari hii na mume wake. Karatasi ya maabara ilikuwa mkononi mwa mume, na majibu yalikuwa mazuri. Nikawapa boksi la letrozoli lililoandikwa na daktari wao. Mwanamume akaligeuza, akasoma nyuma, kisha akauliza swali ambalo mke wake hakuwa amelifikiria: "Hiyo siku ya kwanza tunaihesabu kuanzia lini, maana wakati mwingine anaona matone tu?"

Nikamwambia matone hayahesabiwi. Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka kamili, anapohitaji pedi. Akachukua kalamu ya kaunta, akaiandika juu ya boksi.